Siku Nne Bila Mashine

Miaka kumi na tisa nasaga unga Kadutu,
mahindi asubuhi, muhogo hadi jioni,
na mwenye neno nami
huliandika kwa kidole kwenye vumbi la meza:
Kilo sita. Nitalipa kesho. Mtoto amezaliwa.

Daktari alinimulika sikio kwa tochi,
akasema jambo. Nikasema, eeh?
Akavuta karatasi, akaandika: LIKIZO.
Mimi likizo naijua ya wanafunzi na walimu wao.
Mwenye mashine, mashine ikilala, yeye halali.

Nabintu akanifungia suruali mbili, sabuni,
chumvi ndani ya kitambaa (usiwaombe watu chumvi),
akanisindikiza bandarini
kama mtu anayekwenda kurudisha deni.
Mashine akamwachia Cikuru, mtoto wa dada yangu,
kijana wa miaka ishirini mwenye haraka za watu watano.

Boti ilinguruma njia nzima, nami nikasinzia vizuri.
Nilizinduka injini ilipozimwa.

Idjwi. Migomba imeshuka hadi majini,
mananasi yamekaa chini kama kuku wanaoatamia.
Mama Nsimire, mjane, akanionyesha chumba,
kitanda, bidoni la maji,
kisha akaenda zake shambani.
Hakuna gari. Hakuna redio ya jirani.
Ziwa halina hata mamba wa kumwogopa.

Ndipo nilipoisikia.
Ileile. Mashine yangu,
ndani ya kichwa, upande wa kushoto,
inasaga bila mahindi, bila mteja, bila mafuta.
Kumbe nilikuja nayo likizoni
na nauli yake sikulipa.

Usiku ule nilitoka nje mara tatu
kama anayetafuta swichi gizani.
Kesho yake nikazama ziwani, maji yakajaa masikioni;
ikasaga chini ya maji.
Nikakaa juu ya jiwe, nikala nanasi zima kwa kisu,
peke yangu, hadi ulimi ukachubuka.

Siku ya tatu, sijui saa ngapi,
saa nilikuwa nimeificha ndani ya kiatu,
kitu kilidunda nyuma ya nyumba.
Du.
Halafu tena,
du.
Mama Nsimire na binti yake wanatwanga muhogo,
michi miwili, kinu kimoja,
huu ukipanda ule unashuka,
na kati ya pigo na pigo
pana nafasi.
Sikujua unga una nafasi ndani yake.

Nikasimama palepale, mikono mgongoni,
na ndani ya nafasi mojawapo nikasikia ndege,
ndani ya nyingine, maji yakilamba jiwe,
halafu binti akivuta pumzi
kabla hajacheka:
"Baba, unachungulia nini?"
Nikamjibu polepole.
Mara ya kwanza tangu nioe, sikupaza sauti.

"Mnatwanga kiasi gani kwa siku?"
Akanionyesha beseni.
Kichwa cha biashara hakiachwi bandarini:
kwangu hiyo ni dakika nne, na chenji juu.
Hesabu ilifika mpaka kwenye meno.
Nikaimeza.

Jioni ya nne, Bukavu ikajitokeza
na mabati yake yamepandana kilimani,
honi, mahubiri, nyundo, watoto,
vyote vimeteremka kutupokea.
Nikapanda Kadutu kwa miguu, begi begani.
Kabla ya kona ya mwisho nikaisikia, ile ya nje,
inaguna vibaya.
Mkanda umelegea. Siku mbili, labda tatu.
Cikuru hajagundua.
Cikuru bado ana masikio mazima.

Nilikaza boliti mbili, nguo za safari mwilini.
Nabintu akaja, nyusi nyeupe kwa unga,
akaandika kwenye meza:
Kisiwa kikoje?

Nikainua kidole. Nikafikiri.
Kisha nikafuta meza nzima kwa kiganja,
ikawa mbao tupu,
tukaitazama pamoja
mpaka unga uliposhuka tena.